Vitabu Vilivyotiwa Dawa ya Maharage

Kijiji kizima cha Kirushya kinajua kwamba Nduwayo si mtu wa maneno. Kwenye vikao hukaa karibu na mlango, na akiulizwa jambo huitazama miguu yake kwanza. Hata kwenye rubisi, pombe ya ndizi, ambako kila mtu hupata ulimi, yeye hunywa polepole akiwasikiliza wenzake mpaka kibuyu kinakauka. Shamba lake ndilo linalomsemea. Migomba yake haina majani makavu yanayoning'inia, na maharage yake ya mbegu majirani huyafuata kila msimu, maana hayajawahi kubunguliwa.

Hakuna uchawi katika hilo. Watu wengi humwaga dawa ya unga juu ya gunia, wakalifunga, wakaenda zao. Nduwayo huyatandaza maharage kwenye jamvi uani, hujifunga kitambaa puani, hunyunyiza dawa, kisha huyageuza kwa mikono mpaka kila punje ivae vumbi.

"Kila punje," husema, na hiyo ndiyo hotuba yake yote juu ya kilimo.

Alikuwa na mtoto mmoja, Ernesta. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyemlea ni Francisca, dada mkubwa wa Nduwayo, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya Kanazi kuvunjika. Francisca hajui kusoma. Walipokuwa wadogo baba yao alisema mmoja aende shule na mmoja abaki na mbuzi, na hakuna aliyeuliza ni yupi. Nduwayo alisoma mpaka darasa la saba, Francisca akachunga mpaka alipoolewa. Jambo hilo hawajawahi kulizungumza.

Ernesta alipopata nafasi ya chuo cha uuguzi kule Biharamulo, shida yake ilikuwa Kiingereza. Vitabu vilikuwa vinene, vyenye picha za mwili wa mtu aliyechunwa ngozi, na maneno yake hayakumwingia. Basi akabuni njia yake. Kila alichoelezwa na walimu alikiandika kwa Kiswahili pembeni mwa ukurasa, herufi ndogo ndogo, kwa kalamu ya wino wa maji, rangi ya bluu. Likizoni alikaa mlangoni mwa jiko, kitabu mapajani, shangazi yake akichambua maharage.

"Baba, unajua moyo una vyumba vinne?"

"Nyumba yetu ina viwili," Nduwayo alijibu.

"Basi moyo umetuzidi," Francisca akasema. "Na hivyo vyumba vingine umempangisha nani?"

Ernesta alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Francisca akaiokota, akaangalia ule ukurasa, akatingisha kichwa.

"Wewe mtoto hujaacha tu kuchorachora. Ulinimalizia ukuta wa jikoni kwa mkaa, sasa umehamia kwenye vitabu vya watu."

"Ni vyangu, shangazi."

"Vyako ndiyo uvichafue?"

Walicheka wote watatu, na neno hilo likapita.

Alipomaliza masomo alifanya kazi kwanza kwenye zahanati moja ya Nyarubungo. Baadaye akajiunga na shirika lililokuwa likipeleka wauguzi mashariki ya Kongo. Nduwayo hakutaka, lakini hakusema. Ernesta alipiga simu kila alipopata mtandao. Alisimulia juu ya chuo cha uuguzi kilichokimbia mji wake kwa sababu ya mapigano, wanafunzi wakisomea chini ya turubai, mwalimu akiwasomea kitabu kimoja kwa sauti kwa sababu vingine vimeungua.

"Wafadhili wanaleta vitabu, baba. Maboksi kwa maboksi, Kiingereza kitupu. Huku wamesoma kwa Kifaransa, Kiingereza hakuna anayekijua. Wanavikalia kama viti. Lakini Kiswahili wote wanakijua. Nikija likizo nitachukua vyangu. Vyangu vina Kiswahili pembeni."

"Vipo," Nduwayo alisema. "Viko kwenye sanduku."

"Vitunze, baba. Nimeshawaahidi watu."

Likizo haikufika. Mapigano yalifunga barabara, dawa zikaisha kwenye kituo chake cha afya, na Ernesta akaugua homa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitibu kwa watu wengi. Dripu hazikuwepo. Walimzika huko huko. Aliyepiga simu kuleta habari ni mwalimu wa kile chuo, mwanamke aitwaye Nimpaye, Mrundi aliyeolewa Kongo. Nduwayo alimuuliza swali moja tu: amezikwa upande gani wa barabara? Simu ikakatika kabla hajajibiwa.

Lilibaki sanduku la bati. Nduwayo alilifungua baada ya matanga akakuta mchwa wametoboa sakafu ya udongo, wamepanda, wamepenya penye kutu ya bati, wamekula jalada la kitabu kimoja. Aliruka nyuma kama aliyekuta nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Akaliinua sanduku juu ya matofali. Kisha akaleta dawa ya maharage.

Alikifungua kitabu cha kwanza, akanyunyiza ukurasa, akafunua mwingine, akanyunyiza, mpaka mwisho. Vyote alivifanya hivyo. Na tangu hapo, kila msimu alipomaliza mbegu zake, alivuta sanduku uani na kuvitia dawa upya. Mchwa hawakurudi. Mende hawakusogea. Maandishi ya bluu alikuwa akiyaona chini ya vumbi, lakini hakuyasoma. Alijua kwamba akisoma mstari mmoja ataisikia sauti ya mtoto, na kazi haitaisha. Macho yake yalitafuta mchwa tu.

Miaka ikapita hivyo. Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, likasomwa tangazo: kamati moja inakusanya vitabu vya uuguzi na udaktari kwa ajili ya wanafunzi walio kwenye maeneo ya vita kule Kongo. Vitapokelewa Ngara mjini, ukumbini. Mwalimu Nimpaye wa chuo chenyewe atakuwepo.

Nduwayo alitoka kanisani kabla ya watu wote. Francisca alimkuta nyumbani akilifunga sanduku kwa kamba ya katani.

"Sasa utaenda kusema nini mbele za watu, wewe?"

"Sitasema. Nitavipeleka tu."

Alikodi bodaboda ya William, kijana wa Kisukuma aliyehamia na wazazi wake kutoka Shinyanga na ambaye hanyamazi hata kwenye mlima mkali.

"Mzee Nduwayo, humu umeweka matofali au umeweka jambazi?"

"Vitabu."

"Vitabu! Nyie Wahangaza bwana. Sisi tungebeba ng'ombe, tungefika haraka, anatembea mwenyewe."

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, maboksi, na watu waliovaa fulana za aina moja. Msimamizi wa kamati alikuwa bwana mmoja aitwaye Sostenes, mwenye kamera shingoni, akimpanga kila mtoaji asimame vizuri kabla ya kupiga picha. Nduwayo aliweka sanduku chini, akarudi nyuma hatua, kama mtu aliyeleta mzigo wa mwingine.

Mwanamke mfupi aliyefunga kilemba alimfuata moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wewe ni baba yake Ernesta. Unaangalia chini vile vile kama yeye. Mimi ni Nimpaye."

Nimpaye alipiga magoti, akafungua sanduku, akatoa kitabu cha juu kwa mikono miwili. Alifunua katikati, na uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu, kumbe ni kweli. Sikilizeni: 'Figo ni kama nyasi za kuchujia rubisi. Zikiziba, uchafu unarudi kwenye mtungi, na mtungi ndiyo mwili.'" Akacheka huku machozi yakimlenga. "Ernesta alikuwa akija kuwafundisha hivyo hivyo, na siku alipofariki wanafunzi waliniuliza vile vitabu vitakuja na nani. Hata waliomaliza bado wananiuliza. Baba, hivi ni..."

Hakumaliza. Alipiga chafya, akapiga nyingine, akakohoa mpaka akaweka mkono kifuani. Vumbi lilikuwa limeruka usoni kwake. Alinusa vidole.

"Baba, hii ni nini?"

"Dawa," Nduwayo alisema. "Ya maharage. Kwa ajili ya mchwa."

"Umeweka wapi?"

"Kila ukurasa."

Sostenes alisogea, akachungulia, akajiziba pua kwa fulana. "Mzee, tumesema msaada, wewe umeleta sumu! Unataka kuwamaliza waliosazwa na vita?"

Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni watu tu walikuwa wamechoka kupanga maboksi. Lakini Nduwayo aliona masikio yake yanawaka. Alianza kufunga sanduku.

Nimpaye alimshika mkono. "Usiwasikilize. Ila siwezi kuvipakia hivi. Wanafunzi wetu hulamba kidole wakifunua kurasa, wote, hata mimi. Sikia, baba. Vipanguse kwa kitambaa kikavu, nje, penye upepo, na ujifunge pua. Lori linaenda Biharamulo kuchukua vitabu vya chuo cha kule, kesho kutwa asubuhi litapita njia panda ya Benako. Nisubiri pale. Hata kama vitabaki vinanuka, nitavibeba mimi mwenyewe, nitavianika huko. Ninachotaka ni hayo maandishi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Siku iliyofuata yeye na Francisca walitandika jamvi uani tangu jua linachomoza. Walipangusa kwa vitambaa vikavu, pua zimefungwa, upepo wa kilimani ukichukua vumbi kulipeleka migombani. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo. Hadi mchana walikuwa wamevipitia vyote, lakini Francisca alipokiweka kimoja puani alikunja uso.

"Bado vinanuka."

"Alisema hata vikinuka."

"Alisema kwa sababu ana adabu. Yule mwenye kamera je? William amenieleza walivyokucheka. Kijiji kizima amekieleza."

Nduwayo aliitazama miguu yake. Kisha akasema anaenda senta kumtafuta William waelewane juu ya safari ya kesho, na simu aiache kwenye chaji. Hakusema aviache vitabu kama vilivyo. Hakusema asiviguse. Hakuona sababu, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Francisca alibaki peke yake na vile vitabu, na aibu ya mdogo wake ikawa inamchoma yeye. Tangu utoto hakuvumilia kuona Nduwayo anachekwa. Akachota maji kwenye beseni, akaweka sabuni kidogo, akachana kipande cha kitenge chake cha zamani kilicho laini. Alikamua kitambaa vizuri kisiloweshe sana, akaanza kupangusa ukurasa mmoja mmoja. Harufu ikapungua. Na akaona kitu cha kumfurahisha zaidi: ile michoro ya bluu iliyokuwa imechafua pembeni ilikuwa inatoka pia. Maandishi ya kitabu, yale meusi yaliyonyooka, hayakuguswa. Uchafu tu ndio uliotoka. Akaongeza bidii. Pale palipogoma alisugua kwa majivu kidogo, kama anavyosugua sufuria.

Nduwayo aliporudi jua lilikuwa limeanza kushuka. Vitabu vilikuwa vimeanikwa juu ya jamvi, vimefunuliwa, mistari kwa mistari kama maharage siku ya mavuno. Francisca alisimama mlangoni akijifuta mikono.

"Njoo uone! Njoo unuse. Atakayecheka tena ana wazimu."

Nduwayo aliinama akachukua kitabu. Kurasa zilikuwa zimejikunja kidogo. Pembeni palikuwa peupe. Alifunua. Peupe. Alifunua tena, akachukua kingine, akachukua cha chini kabisa. Hapa na pale palikuwa na wingu hafifu la bluu.

"Na ile michoro yake yote nimeitoa," Francisca alisema. "Nilimwambia yule mtoto aache kuchora, hakunisikia hata mara moja. Sasa watu wakifungua wataona alikuwa binti msafi, ametoka nyumba safi."

Beseni lilikuwa pembeni ya mlango. Maji yake yalikuwa ya bluu. Vidole vya Francisca vilikuwa vya bluu mpaka kwenye kucha.

Nduwayo alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa moja tu, lingeangusha nyumba. Akatafuta mtu wa kulitupia. Dada yake? Dada yake alichunga mbuzi ili yeye aende kujifunza kuutambua mwandiko. Yeye mwenyewe? Yeye ndiye aliyetia dawa. Tena alikuwa na miaka yote hiyo ya kuyasoma yale maandishi, alifunua kila ukurasa msimu hadi msimu, akatafuta mchwa. Sasa angeulizwa mtoto wake aliandika nini humu, asingekuwa na la kujibu zaidi ya lile la figo alilosomewa na mgeni.

"Sikufanya vizuri?"

"Umefanya vizuri, dada."

"Basi kaa ule."

Alikaa, akala. Chakula hakikuwa na ladha ya kitu chochote.

Kesho yake, njia panda ya Benako, malori yalipanga foleni ya kwenda mpakani na wauza ndizi mbivu waliyakimbilia madirishani. William alijaribu mzaha mmoja, akaona haupokelewi, akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lori la vitabu lilifika likiwa na bango ubavuni. Nyuma lilikuwa limejaa maboksi ya chuo mpaka turubai limetuna.

Sostenes alishuka kwanza. Alifungua sanduku, akanusa, akapiga makofi.

"Ndiyo! Sasa hivi ndivyo vitabu! Mzee, samahani kwa juzi, tulikuwa tunataniana. Simama hapa. Shika kimoja, kifungue, tabasamu kidogo."

Nduwayo alisimama. Picha ikapigwa.

Nimpaye alikuja akikimbia, kilemba kimelegea. Alikipokea kile kitabu kilichopigwa picha, akafunua katikati, akatafuta. Alifunua mbele, akarudi nyuma. Kisha akachukua kingine. Sostenes alikuwa ameshaondoka kuongea na dereva.

"Nani?" Nimpaye aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada yangu. Hajui kusoma. Alidhani ni uchafu."

Nimpaye alifumba macho.

"Ndiye aliyemlea," Nduwayo akaongeza haraka, kana kwamba kuna mtu ametaka kumpiga Francisca.

Nimpaye alisogea karibu ili asikike, malori yakinguruma. Akasema, "Baba, unakumbuka lolote? Hata kidogo. Wewe uliishi navyo."

"Lile la figo."

"Hilo tayari ninalo."

"Basi sina."

Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya vingine taratibu. "Sitakudanganya. Vya namna hii ninavyo lori zima, unaliona. Nitavifikisha, watavipanga pamoja na vile wanavyokalia. Ukitaka, virudishe nyumbani. Ni vya mtoto wako."

Nduwayo aliwaza nyumbani. Aliwaza sanduku likirudi juu ya matofali, na Francisca akiuliza kwa nini vimekataliwa, vimekosa nini tena, kwani havikuwa safi? Angemjibu nini? Na angemjibu lolote, kuanzia siku hiyo dada yake angeishi vipi na vidole vyake vile vya bluu?

"Vipakie," alisema.

"Baba..."

"Najua. Vipakie."

Nimpaye akaelewa, akaita watu wa kubeba. Alipokuwa akipanda lori aligeuka.

"Uliniuliza kwenye simu amezikwa upande gani, simu ikakatika. Ni kulia, ukitoka mjini. Penye mparachichi."

Nduwayo aliitikia kwa kichwa. Lori likashika njia ya mpakani.

Francisca alikuwa akimsubiri kwenye kona ya shamba, kanga mpya mabegani kama anayepokea wageni.

"Wamevipokea?"

"Wamevipokea."

"Yule mwenye kamera alisemaje?"

"Alipiga makofi."

"Nilikuambia! Na yule mwalimu?"

Nduwayo aliwaza kidogo. "Alivifungua vyote," alisema.

Francisca alirudi jikoni akiimba. Jumapili aliwasimulia akina mama nje ya kanisa jinsi alivyofua vitabu vya daktari kwa mikono yake mpaka vikaenda Kongo, na Nduwayo alisimama karibu, akasikiliza mpaka mwisho. Msimu ule alitia dawa mbegu zake kama kawaida, kila punje. Beseni lile bado lipo. Lina mstari wa bluu ukingoni ambao haujatoka kwa sabuni wala kwa majivu, na Francisca analoweka maharage humo, kila siku akilalamika kwamba siku hizi mabeseni ya dukani hayana ubora.